Machela kwenye ndege ndogo

Machela kwenye ndege ndogo ni machela nyepesi ya kitambaa inayotundikwa kwenye ndege iliyoegeshwa, ili rubani au abiria wapumzike nje chini ya kivuli cha bawa. Kwa kawaida ncha moja hufungwa kwenye ndege na ncha ya pili kwenye mti, nguzo au ndege nyingine. Desturi hii inawafaa wasafiri wanaotua kwenye viwanja vidogo visivyo na jengo la abiria wala benchi, ambako bawa la ndege huenda likawa kivuli pekee kilichopo.

Jambo lenyewe ni rahisi, lakini lina masharti. Ndege ndogo imetengenezwa iwe nyepesi, na kila sehemu yake ina nguvu upande ule tu iliyokusudiwa kubeba mzigo. Machela iliyotundikwa vibaya inaweza kumwangusha aliyelala, na inaweza pia kupinda au kukwaruza sehemu ambayo ndege inaitegemea ikiwa angani. Mahali ambapo fundi wa ndege wa karibu yuko mamia ya kilomita, kosa dogo kama hilo linatosha kuizuia ndege isiondoke.

Jina

Neno machela limeingia katika Kiswahili kutoka Kireno, machila. Zamani lilitaja kitambaa au wavu uliotundikwa kwenye mti mrefu, msafiri akalala ndani na wapagazi wakaubeba mti huo mabegani. Usafiri wa namna hiyo ulienea Msumbiji na Malawi, na ulifahamika Tanganyika pia. Leo Watanzania wengi wakisikia machela hufikiria kwanza kitanda cha kubebea mgonjwa hospitalini au mchezaji aliyeumia uwanjani. Katika makala hii machela ni ile ya kutundika na kulalia, ambayo wengine huiita kitanda cha bembea.

Machela isichanganywe na susu, ambayo ni wavu au kamba za kutundikia vyombo na chakula, wala na chamchela, ambayo ni upepo wa kuzunguka unaoinua vumbi. Hata hivyo chamchela inahusika na makala hii kwa njia nyingine, kama inavyoelezwa chini.

Historia

Machela ya kulalia ilianza Amerika. Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wa kabila la Taino wakilala katika nyavu zilizotundikwa. Wahispania walilichukua jina lao, hamaca, na kutoka hapo likaenea katika lugha nyingi za Ulaya. Mabaharia waliipenda machela kwa sababu mbili: haichukui nafasi ikikunjwa, na meli ikilala upande machela hubaki imening'inia wima, hivyo mtu haanguki. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuitumia rasmi mwishoni mwa karne ya 16.

Katika rasi ya Yucatan, Meksiko, machela zilifumwa kwa nyuzi za mimea ya jamii ya katani. Mmea wa katani wenyewe uliletwa Tanga mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanganyika. Kwa njia hiyo uzi wa jamii ya ule wa machela uliifahamu Tanzania kabla ya ndege kufika.

Machela ilipanda angani mapema. Mwezi wa Julai 1919 meli ya anga R34 ya Uingereza ilivuka bahari ya Atlantiki kutoka Uskoti hadi New York, na wafanyakazi wake walilala katika machela zilizotundikwa ndani ya kiwiliwili cha chombo. Miaka miwili kabla yake, Novemba 1917, meli ya anga L59 ya Ujerumani iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na shehena kwa ajili ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilipangwa isirudi: kitambaa cha nje kingetumika kwa mahema, na vitambaa vya ndani kwa matandiko na bendeji. Ilipofika Sudan iliamriwa kugeuka, ikarudi Jamboli baada ya saa 95 hivi angani. Vyombo vya anga vya wakati ule vilikuwa vya kitambaa kwa sehemu kubwa, na wazo la kulala juu ya kitambaa cha chombo halikuwa geni.

Badiliko kubwa lililofuata lilikuwa nailoni, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kutumika kwa miavuli ya kurukia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Machela nyepesi za leo hushonwa kwa kitambaa cha aina hiyo. Huingia katika kifuko kinachotosha kiganjani, na nyingi zina uzito kati ya gramu 300 na 600. Kwa rubani wa ndege ndogo, ambaye hupima kila mzigo kabla ya kuruka, hilo ni jambo la maana. Kitanda cha kukunja cha chuma kina uzito mara nyingi zaidi na hakiingii chini ya kiti.

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya ndege zinazotua porini. Miaka ya 1930 Wamarekani Martin na Osa Johnson walizunguka eneo hili kwa ndege mbili za Sikorsky, moja imepakwa milia ya punda milia na nyingine madoa ya twiga. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha jijini Nairobi huduma ya madaktari warukao, ambayo baadaye ilikuwa Amref. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ya Dornier Do 27, hadi Michael alipofariki Januari 1959 baada ya ndege hiyo kugongana na tai. Watu wa namna hii hutumia saa nyingi wakisubiri kando ya ndege: wanamsubiri mgonjwa aletwe, mvua ipite, au kupambazuke.

Ndege zinazofaa na zisizofaa

Si kila ndege ndogo inaweza kutundikwa machela. Inayofikiriwa ni ile yenye bawa la juu lililoshikwa na mhimili. Mhimili wa bawa ni kipande kirefu cha chuma au alumini kinachotoka chini ubavuni mwa ndege na kupanda mshazari hadi karibu katikati ya bawa. Ndege za Cessna 172, 182, 206 na 208 zina mhimili wa namna hiyo, na pia Piper Super Cub, ambayo imetumiwa sana na askari wa wanyamapori. Chini ya bawa, mara nyingi karibu na kichwa cha mhimili, kuna pete ya kufungia ndege ardhini ili upepo usiipindue.

Ndege zenye bawa la juu lisilo na mhimili, kama Dornier Do 27 na Cessna 210 za kuanzia 1967, hutoa kivuli kizuri lakini hazina mahali pa kuzungushia mkanda. Ndege zenye bawa la chini, kama Piper Cherokee, hazifai kabisa kwa sababu bawa lenyewe liko kwenye kimo cha goti.

Ni muhimu kuelewa kazi ya mhimili. Ndege ikiwa angani bawa hutaka kuinuka, na mhimili hulivuta lisiinuke. Ndege ikiwa chini, mhimili hulisaidia bawa lisilegee. Katika hali zote mbili nguvu hupita kwenye urefu wa mhimili, kutoka ncha hadi ncha. Kuusukuma au kuuvuta katikati ni kitu kingine. Hata fito iliyokauka hubeba mzigo mkubwa ukiivuta kwa ncha zake, lakini huvunjika ukiikalia katikati. Kwa hiyo mkanda wa machela haufungwi kamwe katikati ya mhimili. Ukifungwa, hufungwa juu kabisa, pale mhimili unapokutana na bawa.

Vifaa

Vifaa vinavyohitajika ni vichache:

- machela ya nailoni yenye ncha mbili zilizokusanywa, ambayo uwezo wake wa kubeba umeandikwa na mtengenezaji;
- mikanda miwili bapa, yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi, isiyonyumbuka sana;
- karabina mbili, yaani pete za chuma zenye mlango wa kufungua na kufunga;
- vipande vya kitambaa kinene au mpira wa kuweka kati ya mkanda na rangi ya ndege;
- kabari za magurudumu na kamba za kufungia ndege ardhini;
- chandarua, na mkeka au blanketi la kutandika chini ya mgongo.

Kamba nyembamba haifai kwenye ndege wala kwenye mti. Huuma, hukata rangi, na kwenye mti hujeruhi gome. Kamba ya katani ina nguvu ikiwa mpya, lakini huoza ikilowa na kukauka mara kwa mara, na uozo huanzia ndani ambako hauonekani kwa urahisi. Kamba ya zamani ya kufungia mbuzi au magunia isitumiwe kumbeba mtu.

Nguvu ndani ya kamba

Wengi hudhani kwamba mtu wa kilo 70 akilala katika machela, kila upande hubeba kilo 35. Hilo lingekuwa kweli kama kamba zingening'inia wima kabisa. Kamba za machela huenda mshazari, na kadiri zinavyolala ndivyo mvuto unavyoongezeka. Kanuni yake ni kugawanya nusu ya uzito kwa saini ya pembe iliyo kati ya kamba na mstari wa ulalo. Kwa mtu wa kilo 70, mvuto katika kila kamba ni kama ifuatavyo:

- pembe ya nyuzi 45: sawa na kilo 50;
- pembe ya nyuzi 30: sawa na kilo 70;
- pembe ya nyuzi 20: sawa na kilo 102;
- pembe ya nyuzi 10: sawa na kilo 202;
- pembe ya nyuzi 5: sawa na kilo 402.

Orodha hii inaonyesha kosa linalofanywa na wengi. Mtu huona machela imelegea, akaikaza ili iwe tambarare kama kitanda. Kwa kuikaza kutoka nyuzi 30 hadi 10 huwa ameongeza mvuto karibu mara tatu, bila yeye mwenyewe kuongezeka uzito hata kilo moja. Isitoshe, sehemu kubwa ya mvuto huo huenda pembeni. Kwenye nyuzi 30 ndege huvutwa upande kwa nguvu sawa na kilo 61. Kwenye nyuzi 10, kilo 198. Nguvu ya kwenda chini hubaki ileile, kilo 35 kila upande. Hivyo kinachotishia ndege ni ukazaji wa kamba kuliko unene wa mlalaji.

Hesabu hizi ni za mtu aliyetulia. Mtu anayejitupa ndani ya machela huongeza mzigo. Hata mzigo unaoachiliwa ghafla bila kudondoka, ukiwa umegusa tu kitambaa, huleta mvuto unaokaribia mara mbili ya ule wa kawaida. Watoto wawili wanaobembea kwa nguvu wanaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko mtu mzima mmoja aliyelala.

Kipimo kinachopendekezwa ni nyuzi 30, mtu akiwa ndani. Bila kipimapembe, mtu anaweza kutumia futi ya kushonea: kwa kila sentimita 100 za kwenda mbele, kamba ishuke sentimita 58 hivi. Nafasi ya mita 4 kati ya ncha mbili inatosha kwa machela nyingi. Sehemu ya kukalia iwe kwenye kimo cha kiti, takriban sentimita 45 kutoka ardhini, ili anayeanguka asianguke mbali.

Wanaoogopa kwamba machela iliyolegea itawapinda mgongo huambiwa walale mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili wa mstari wa katikati. Kitambaa hujitandaza na mgongo hunyooka bila kukaza kamba.

Mipangilio

Mpangilio wa kwanza, na ulio bora, ni kutoigusa ndege kabisa. Kama kando ya maegesho kuna miti miwili, machela itundikwe mitini na ndege iachwe ilivyo.

Mpangilio wa pili ni bawa na mti au nguzo. Ncha moja hushikwa na mkanda uliozungushwa juu ya mhimili, penye kiungo cha bawa, na ncha ya pili hufungwa kwenye mti au nguzo imara. Ndege haisogezwi karibu na mti mkubwa kwa ajili ya machela tu, kwa kuwa tawi likianguka juu ya bawa hasara yake ni kubwa kuliko faida ya usingizi. Ni afadhali kurefusha mkanda wa upande wa mti.

Mpangilio wa tatu ni ndege mbili zilizoegeshwa sambamba, machela ikiwa katikati. Hapa kila ndege huivuta mwenziwe, na zote mbili lazima ziwe zimezuiwa magurudumu na kufungwa ardhini upande wa nje.

Kutumia bawa na mkia wa ndege ileile hakushauriwi. Pete ya mkia iko chini sana, hasa kwa ndege zenye gurudumu la mkiani, na machela huinama upande mmoja. Mkia nao una vibawa vinavyochezacheza vya kuongozea ndege, ambavyo havitakiwi kuguswa na kamba wala kuegemewa.

Sehemu zifuatazo hazifungwi machela kwa hali yoyote: rafadha (pangaboi), kineli cha kupimia mwendo kilicho chini au mbele ya bawa, antena, milango, na vibawa vya nyuma ya bawa. Rafadha ina hatari ya pekee. Injini iliyozimwa inaweza kuwaka kwa mzunguko mdogo wa rafadha ikiwa mfumo wa cheche haukukatika sawasawa. Kwa sababu hiyo marubani hufundishwa kuiona kila rafadha kana kwamba iko tayari kuzunguka.

Hatua za kutundika

Kwanza ni ruhusa. Vitabu vya ndege kwa kawaida hueleza namna ya kuifunga ndege ardhini na havizungumzii machela. Kitabu kikinyamaza hakijaruhusu. Mwenye uamuzi ni rubani anayewajibika kwa ndege hiyo, pamoja na mwenye ndege na msimamizi wa uwanja. Rubani akisema hapana, mazungumzo yamekwisha.

Pili, injini izimwe, ufunguo utolewe, na ndege ipoe. Breki zikazwe, kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu, na ndege ifungwe ardhini kwa pete zake.

Tatu, mahali pa mkanda pafutwe vumbi, kwa maana mchanga chini ya mkanda hukwaruza kama msasa. Kitambaa kinene kitangulie, kisha mkanda uzungushwe na kuingizwa katika karabina.

Nne, machela ijaribiwe kwa mikono, halafu kwa kukalia taratibu huku miguu ikiwa bado ardhini. Mtu wa pili aitazame ndege wakati huo. Kama bawa linashuka kwa kuonekana, mhimili unalia, au gurudumu linasogea, machela itolewe.

Tano, alale mtu mmoja tu, na asibembee.

Hatari chini ya bawa

Katika ndege nyingi za bawa la juu, mafuta huwekwa ndani ya mabawa. Aliyelala chini ya bawa amelala chini ya tangi. Jua la mchana hupasha mafuta moto, yakatanuka, na tangi lililojazwa hadi juu linaweza kudondosha matone kupitia tundu la kupumulia. Petroli ya ndege huwaka kwa urahisi, na ile ya kawaida ina madini ya risasi ambayo ni sumu. Kwa hiyo machela isiwe chini ya tundu la tangi wala chini ya kizibo cha kumwagia mafuta, na chini ya bawa pasiwe na sigara, jiko la mkaa wala jiko la gesi. Chai ichemshwe mbali, upande ambao upepo unaelekea.

Hatari ya pili ni upepo. Katika kiangazi chamchela huzuka ghafla kwenye viwanja vitupu, hasa kuanzia saa tano asubuhi jua linapokuwa kali. Upepo huo unaweza kuigeuza au kuinua ndege nyepesi isiyofungwa. Aliyemo ndani ya machela hawezi kukimbia upesi. Wingu la vumbi likionekana linakuja, mtu atoke na asimame mbali na bawa.

Hatari ya tatu ni baridi. Wengi hushangaa kupata baridi mgongoni wakiwa wamejifunika blanketi. Sababu ni kwamba uzito wa mwili hubana kitambaa na blanketi la chini, hewa inayohifadhi joto ikatoka, na upepo hupita chini ya machela. Dawa yake ni kutandika mkeka mnene ndani ya machela kabla ya kulala. Mbu nao huuma kupitia nailoni nyembamba kutoka chini, kwa hiyo chandarua kiizunguke machela yote, si juu tu.

Katika Usangu na Ruaha

Nyanda za Juu Kusini zinaonyesha vizuri faida na mipaka ya desturi hii. Madibira ni kata ya Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, karibu na mpaka wa Mkoa wa Iringa. Iko katika bonde la Usangu na inajulikana kwa mpunga wa umwagiliaji unaopata maji kutoka Mto Ndembera. Upande wa kaskazini liko eneo la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyotangazwa mwaka 1964. Viwanja vya ndege vinavyolizunguka eneo hili ni Nduli mjini Iringa, Songwe upande wa Mbeya, uliochukua nafasi ya uwanja wa zamani wa mjini Mbeya mwaka 2012, na kiwanja cha Msembe ndani ya hifadhi.

Viwanja hivi si sawa. Nduli na Songwe ni viwanja vya umma vyenye ulinzi, ambako abiria hawaruhusiwi kuzurura penye maegesho ya ndege, sembuse kutundika machela. Huko mahali pa kusubiri ni jengo la abiria. Msembe ni kiwanja cha porini, lakini kiko hifadhini, na sheria za hifadhi hufuatwa: wageni hulala katika maeneo yaliyotengwa, na kutembea kwa miguu kunahitaji ruhusa na askari. Machela ya saa moja kando ya ndege, mchana na kwa idhini ya askari, ni jambo la kuomba. Kulala usiku kiwanjani si jambo la kuomba. Simba, tembo na fisi hupita viwanjani, na katika mbuga nyingi za Afrika Mashariki marubani huzungushia magurudumu matawi ya miiba ili fisi wasitafune matairi. Mahali ambapo tairi halina usalama, mtu aliyening'inia sentimita 45 kutoka ardhini hana usalama pia.

Miti ya eneo hili ina tabia zake. Mibuyu ya Ruaha ni minene mno kwa mikanda ya kawaida, mingi ina mizinga ya nyuki katika mashimo yake, na tembo huipenda. Migunga ina miiba inayotoboa nailoni. Kabla ya kufunga mkanda, mti utazamwe juu na chini: nyuki, siafu, nyoka na matawi makavu. Katika mashamba ya mpunga kama ya Madibira maji yaliyotuama huzalisha mbu, na machela bila chandarua wakati wa jioni ni mwaliko wa malaria. Juu zaidi, Iringa na Mbeya, viwanja viko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,300, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Huko mkeka wa chini ni wa lazima kuliko blanketi la juu.

Masika barabara za udongo za bonde la Usangu huharibika, na safari ya saa chache kwa gari inaweza kuwa ya siku nzima. Wakati kama huo ndege ndogo inaweza kuwa njia ya haraka ya kumfikisha mgonjwa hospitalini. Ndege ya kubeba wagonjwa isitundikwe machela hata ikiwa imekaa saa nyingi, kwa sababu inaweza kuitwa wakati wowote, na muda wa kufungua mikanda na kuikagua ndege unaweza kuwa ndio muda ambao mgonjwa hana.

Kabla ya kuruka tena

Baada ya kupumzika, machela, mikanda, karabina na vitambaa vya kinga huhesabiwa na kurudishwa kwenye kifuko kimoja. Mkanda uliosahaulika kwenye mhimili unaweza kupiga bawa ndege ikiwa kwenye mwendo. Kamba za kufungia ardhini nazo zifunguliwe zote, pamoja na ya mkia. Ndege kujaribu kuruka ikiwa bado imefungwa ni kosa ambalo limewahi kusababisha ajali.

Kisha rubani huzunguka ndege kwa ukaguzi wa kawaida, akiongeza macho pale mkanda ulipokuwa. Hutafuta mkwaruzo, bonyeo, ufa wa rangi, pete iliyolegea au mhimili uliopinda. Ufa wa rangi karibu na kiungo unaweza kuwa dalili kwamba chuma kilicho chini yake kimesogea. Dalili yoyote ya namna hiyo hupelekwa kwa fundi wa ndege mwenye leseni kabla ya safari, na aliyelala kwenye machela hutakiwa kusema kilichotokea bila kuficha. Bonyeo lililotajwa chini hugharimu fedha na siku chache. Bonyeo lililofichwa hugunduliwa angani.